Dubai: Usilinganishe Mishahara, Linganisha Kinachobaki

Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaijua Dubai kwa namna yao: unashuka ndege, unalala hoteli ya Deira siku chache, unazunguka Naif na Dragon Mart, unafunga mzigo, unarudi. Gharama za safari ya namna hiyo zinajulikana hata kabla ya kukata tiketi. Kuhamia ni habari nyingine. Anayehamia halipi hoteli, analipa amana. Hanunui bidhaa, ananunua godoro, sufuria na kadi ya metro. Tena analipa karibu kila kitu kabla hajapokea mshahara wa kwanza.

Barua ya kazi ikifika, jambo la kwanza tunalofanya ni kuzidisha. Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja kwa dirhamu 3.6725, kwa hiyo haiyumbi kama shilingi zetu. Dirhamu moja ni karibu shilingi 35 za Kenya. Kwa Tanzania, katika miaka ya 2024 na 2025 imekuwa ikipanda na kushuka kati ya shilingi 650 na 740. Mtu anaona 5,000 kwenye barua, anapata laki moja na sabini na tano za Kenya, au zaidi ya milioni tatu za Tanzania, na hapo hapo moyo unakubali. Hesabu hiyo ni sahihi ila haimsaidii, kwa sababu hatakula kwa shilingi wala hatalala kwa shilingi. Namba ya kutafuta ni ile inayobaki mkononi baada ya kulala, kusafiri na kula, na ndiyo pekee inayostahili kuzidishwa.

Tuchukue barua mbili za mfano. Ya kwanza inatoa dirhamu 5,000 kwa mwezi: mshahara wa msingi 2,000 na posho 3,000, nyumba na usafiri ujitegemee. Ya pili inatoa 4,500: msingi 3,500 na posho 1,000, lakini kampuni inakupa mahali pa kulala na basi la kwenda kazini. Wengi watachukua ya kwanza kwa sababu imezidi mia tano. Sasa toa kodi ya kitanda katika chumba cha watu wanne, tuseme 900, na tiketi ya mwezi ya metro na mabasi kwa kanda mbili, 230. Ya kwanza imebaki 3,870. Ya pili iko pale pale, 4,500. Barua iliyoonekana ndogo imeishinda kubwa kwa dirhamu 630 kila mwezi, na hapo sijagusa maji, umeme wala intaneti.

Mshahara wa msingi nao una uzito wake. Kiinua mgongo katika Falme za Kiarabu hukokotolewa kwa msingi peke yake, posho haziingii: malipo ya siku 21 kwa kila mwaka wa utumishi katika miaka mitano ya mwanzo, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, ilimradi umetimiza angalau mwaka mmoja kazini. Ukiondoka baada ya miaka mitatu, barua ya kwanza itakupa dirhamu 4,200. Ya pili itakupa 7,350. Waajiri wanaijua hesabu hii vizuri, ndiyo maana utaona barua nyingi zenye msingi mdogo na posho nene. Kabla ya kusaini, omba msingi upandishwe hata kama jumla itabaki ile ile. Ombi hilo halimgharimu mwajiri chochote leo, na wewe litakufaa siku ya kuondoka.

Kodi ya mapato kwa mfanyakazi haipo, kwa hiyo unachoandikiwa ndicho unachopokea. VAT ipo, asilimia 5 tangu 2018, lakini hiyo tayari imo ndani ya bei unazoziona dukani. Jambo lingine la kujua mapema ni kwamba sheria haijaweka kima cha chini cha mshahara kwa mfanyakazi mgeni. Usipotaja bei yako, hakuna atakayekutajia.

Kuna njia mbili za kuingia, na hapa ndipo tofauti ya gharama ni kubwa kuliko mahali pengine popote. Njia ya kwanza ni kupata kazi ukiwa nyumbani, mwajiri akatoa kibali. Sheria ya kazi iliyoanza kutumika Februari 2022 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za ajira, iwe waziwazi au kwa mlango wa nyuma. Viza, vipimo vya afya na kitambulisho cha ukaazi ni juu yake. Njia ya pili ni kuingia kwa viza ya matembezi na kutafuta kazi huko huko. Hapo tiketi, viza, chakula na kitanda vyote ni vyako, na siku zikiisha unatozwa dirhamu 50 kwa kila siku unayozidisha. Kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa. Mwaka 2024 faini za mwajiri anayemtumia mtu mwenye viza hiyo zilipandishwa hadi kati ya dirhamu 100,000 na milioni moja, na matokeo yake waajiri makini hawataki kabisa kumgusa mtu ambaye hana kibali. Wanaobaki tayari kumwajiri hivyo ni wale wale ambao hawatamlipa.

Ukidaiwa na wakala "ada ya viza" ya laki kadhaa, muulize kwanza jina la kampuni inayokuajiri, kisha uombe barua rasmi ya kazi inayotolewa kupitia Wizara ya Rasilimali Watu ya huko, inayojulikana kwa kifupi kama MOHRE. Barua hiyo ina namba, na inaweza kuhakikiwa katika mfumo wa wizara. Mkataba utakaosaini ukishafika unapaswa kulingana nayo. Wakala mwenyewe naye ahakikiwe nyumbani: Kenya kuna orodha ya mawakala walioidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na Tanzania wakala wa ajira sharti awe amesajiliwa na serikali. Kwa dada zetu wanaokwenda kufanya kazi za ndani, ambao wako chini ya sheria yao ya mwaka 2022, hatua hii si ya kuruka kwa hali yoyote.

Sasa makazi, ambayo ndiyo yatakayokula fedha yako.

Mtu wa Dar es Salaam aliyezoea kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali juu yake, hatashtuka sana. Wa Nairobi aliyezoea kulipa mwezi kwa mwezi atashtuka. Nyumba za Dubai hupangwa kwa mwaka, na kodi ya mwaka hugawanywa kwa hundi zenye tarehe za mbele: moja, mbili, nne, wakati mwingine sita au kumi na mbili. Hundi zikiwa chache, bei hushuka. Mgeni asiye na akaunti ya benki hana kitabu cha hundi, na akaunti yenyewe inangoja kitambulisho cha ukaazi. Hundi ikikosa fedha siku hizi si jinai kama ilivyokuwa kabla ya Januari 2022, lakini mwenye nyumba anaweza kuipeleka moja kwa moja kwenye utekelezaji wa mahakama, na hilo halina wepesi wowote.

Chukua studio ya dirhamu 42,000 kwa mwaka, yaani chumba kimoja chenye jiko na choo ndani, kile ambacho Nairobi wanakiita bedsita. Ukilipa kwa hundi nne, siku ya kupewa ufunguo utatoa hivi: hundi ya kwanza 10,500, amana ya mwenye nyumba asilimia 5, yaani 2,100, dalali asilimia 5, 2,100 nyingine, na VAT yake 105, usajili wa mkataba katika mfumo wa Ejari, kama 220, amana ya maji na umeme kwa DEWA, 2,000, na kama 130 za kuunganishiwa. Jumla ni dirhamu 17,155. Kwa Kenya hiyo ni kama laki sita. Kwa Tanzania ni kama milioni kumi na mbili. Ndani ya chumba bado hakuna kitanda, jiko wala friji. Ikiwa studio ina samani, amana ya mwenye nyumba huwa asilimia 10, na kwa mtu anayeanza maisha hiyo mara nyingi ni nafuu, kwa sababu amana hurudi lakini friji uliyonunua utaiuza kwa bei ya kutupa.

Kwenye bili ya DEWA utakuta mstari ambao watu wengi hawakuuhesabu: ada ya makazi ya manispaa, asilimia 5 ya kodi ya mwaka iliyogawanywa kwa miezi kumi na miwili. Kwa studio yetu ni dirhamu 175 kila mwezi. Halafu kuna ubaridi. Majengo mengi hupozwa kwa mtambo wa pamoja, na kampuni ya ubaridi hutuma bili yake mbali na ya umeme, ikiwa na ada ya kudumu inayolipwa hata Januari, wakati huwashi kiyoyozi. Majengo mengine ubaridi umo ndani ya kodi. Muulize dalali swali hili mbele ya mwenye nyumba, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Kati ya Juni na Septemba joto hupita nyuzi 40, na kiyoyozi kinafanya kazi mchana na usiku. Studio yenye kodi ya juu kidogo lakini ubaridi ndani yake mara nyingi huishinda ile ya bei ya chini.

Kitanda katika chumba cha pamoja hakina mambo hayo. Unalipa kwa mwezi, na amana ndogo. Maji, umeme na intaneti kwa kawaida vimo. Deira, hasa Naif na Al Rigga, na kule Satwa, ndiko vitanda vya namna hiyo vinakopatikana kwa wingi, na Deira utasikia Kiswahili njiani. Hatari yake ni vyumba vilivyokatwakatwa kwa mbao na mapazia bila kibali. Juni 2025 Manispaa ya Dubai ilianza msako wa vyumba hivyo katika maeneo kama Al Rigga, Al Muraqqabat, Al Satwa na Al Barsha, sababu kubwa ikiwa moto. Walioondolewa walikuwa wapangaji, na mpangaji ambaye jina lake haliko popote hana wa kumdai amana yake. Tangu 2022 kila mkaaji anapaswa kusajiliwa na mwenye mkataba kupitia programu ya Dubai REST. Anayekupangisha kitanda akikataa kukusajili, ondoka. Na ukikuta chumba kisicho na dirisha au ambacho mlango wake wa nje unafungwa kwa ufunguo alionao mtu mmoja, usilale humo hata kikiwa cha bei ya chini kuliko vyote.

Nyumbani tunaambiwa mara kwa mara kwamba mwenye akili hupanga Sharjah na kufanya kazi Dubai. Ni kweli kwamba kodi za Sharjah ni za chini sana. Ila ushauri huo ni mzuri kwa watu fulani na mbaya kwa wengine, na tofauti inaonekana ukiandika namba. Tuseme studio yetu ya 42,000 ina mwenzake wa Sharjah wa 24,000. Umeokoa 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kwa mwezi. Basi la kati ya miji hiyo ni dirhamu 12 kwenda na 12 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni 624. Ukishuka kituo cha Union bado unapanda metro hadi kazini, dirhamu 5 kwenda na 5 kurudi, 260 nyingine. Jumla 884. Ungekuwa unakaa Dubai ungelipa tiketi ya mwezi ya 230, kwa hiyo Sharjah imekuongezea nauli ya 654. Kilichookolewa kweli ni 846.

Hiyo ni kwa mfanyakazi mmoja. Mke na mume wote wakifanya kazi Dubai, nauli ya ziada inakuwa 1,308, na akiba ya 1,500 imebaki 192 kwa nyumba nzima. Kwa dirhamu hizo 192 watu wawili wanakaa barabarani kila jioni katika foleni ya kurudi Sharjah, ambayo siku mbaya inazidi saa moja na nusu. Sioni faida yake. Familia yenye mtafutaji mmoja na watoto wanaohitaji nafasi, Sharjah ni uamuzi mzuri. Wawili wanaofanya kazi wakae Dubai, hata ikiwa ni studio ndogo ya International City. Na kijana anayeishi peke yake afahamu kwamba mitaa mingi ya Sharjah imetengwa kwa familia, na mamlaka zimekuwa zikiwaondoa wanaume wapangaji wasio na familia. Mwenye gari atakutana na malango ya Salik ya kulipia barabara: tangu mwisho wa Januari 2025 kila kupita ni dirhamu 6 nyakati za msongamano na 4 nyakati nyingine, bure kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri.

Ushauri wangu kwa anayefika bila nyumba ya kampuni: panga kitanda au chumba cha mwezi kwa mwezi kwa miezi miwili ya kwanza, karibu na kituo cha metro, hata kama fedha ya studio unayo. Kazi nyingine hubadilisha tawi baada ya mwezi. Muda wa majaribio unaweza kufika miezi sita, na ukivunja mkataba wa nyumba wa mwaka mzima kwa sababu kazi imekatika, kwa kawaida utapoteza kodi ya mwezi mmoja au miwili. Baada ya miezi hiyo utakuwa na kitambulisho, akaunti, na utajua barabara ipi haipitiki jioni.

Kuhamisha familia ni hesabu ya pili, na haifai kuchanganywa na ya kwanza. Kisheria mshahara wa kumdhamini mke na watoto ni dirhamu 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba. Kima hicho kinakuruhusu kuwaleta, hakikuhakikishii kuwalisha. Bima ya afya ya mfanyakazi hulipwa na mwajiri, na tangu Januari 2025 sharti hilo limefika hata Sharjah na falme za kaskazini, lakini bima ya mke na watoto Dubai humwangukia mdhamini. Shule ndizo nzito. Watoto wa wageni wengi husoma shule binafsi, na ada zinaanzia chini ya dirhamu 10,000 kwa mwaka katika baadhi ya shule za mtaala wa Kihindi na Kipakistani hadi zaidi ya 100,000 katika shule za Kiingereza za daraja la juu. KHDA, mamlaka ya elimu ya Dubai, imekuwa ikichapisha ada na ripoti za ukaguzi wa shule. Zisome kabla ya kuzungumza na shule yoyote. Angalia pia kalenda: shule za Kihindi huanza mwaka Aprili, nyingi nyingine mwishoni mwa Agosti au Septemba, na kwetu ni Januari. Mtoto akiondolewa Kisumu au Morogoro Novemba baada ya mitihani, anaweza kukaa nyumbani miezi kadhaa au kuingizwa katikati ya mwaka. Baba au mama atangulie, familia ifuate baada ya mwaka mmoja. Ni uchungu, najua, lakini ni afadhali kuliko familia nzima kurudi baada ya miezi minne ikiwa na deni.

Yako mambo ambayo nyumbani ni ya bei ndogo na huko ni ghali. Cheti cha chuo na cha ndoa vinatakiwa kuthibitishwa na wizara ya mambo ya nje ya nchi yako, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu, ambao uko Dar es Salaam na Nairobi, kisha wizara ya mambo ya nje ya kule kwa dirhamu 150 kwa kila cheti. Ukisahau hatua za nyumbani, utamlipa mtu akufanyie ukiwa mbali. Miwani na meno vitengenezwe kabla ya safari. Dawa zenye kodeini au tramadoli usizibebe bila kibali cha mamlaka za kule, hata kama daktari wako ndiye aliyeziandika. Watu wamekamatwa uwanja wa ndege kwa dawa za maumivu. Na wajulishe wazazi mapema kwamba simu za WhatsApp hazipiti kule, ujumbe tu ndio unaopita. Wawekee Botim kwenye simu zao kabla hujaondoka.

Ukianza kutuma fedha, usilinganishe ada peke yake. Kuna wanaotangaza kutuma bure huku wakichukua faida yao kwenye kiwango cha kubadilishia. Nenda na dirhamu zile zile 1,000 kwenye duka la fedha, kwenye benki yako na kwenye programu ya simu, uulize kila mmoja swali moja: mama atapokea shilingi ngapi kwenye M-Pesa? Anayetaja kubwa ndiye nafuu, awe anatoza ada au hatozi. Kutuma mara moja kwa mwezi pia ni nafuu kuliko kutuma vipande vinne, kwa kuwa ada nyingi hazitazami ukubwa wa kiasi.

Pasipoti ikae kwako. Mwajiri haruhusiwi kuishikilia. Nakala ya mkataba, ya pasipoti na ya barua ya kazi zibaki kwa ndugu mmoja nyumbani, pamoja na anwani ya ubalozi mdogo wa nchi yako Dubai, ambao Kenya na Tanzania zote zinao. Nauli ya kurudi iwe fedha yako mwenyewe, isiyoguswa, hata kama sheria inamtaka mwajiri akurudishe.

Na kama barua uliyo nayo ni ile ya 5,000 bila nyumba, usiikatae na usiisaini leo. Mwandikie mwajiri umwombe mambo matatu: msingi upande, akupe malazi ya mwezi wa kwanza, na akukopeshe kodi ya kuanzia aikate kidogo kidogo kwenye mshahara. Wapo wanaokubali, kwa sababu tayari wameshakuchagua. Majibu yao yaombe kwa maandishi, kabla hujakabidhi notisi ya kuacha kazi uliyo nayo sasa.